Geji ya maji imetulia, breki zimechemka: joto la tabo kwenye Fairlady ya 1990

"Shikamoo mzee. Nina Nissan Fairlady Z ya 1990, ile Z32 ya V6 lita 3 isiyokuja na tabo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini). Nilipata tabo mbili zilizotumika, fundi wangu hapa Dodoma akazifunga, moja kila upande, kwa menifoldi za kukusanya moshi alizochomelea mwenyewe kwa mabomba ya stenlesi. Mwanzoni injini ilikuwa inagonga nikikanyaga, akarudisha taimingi ya cheche nyuma, ikaacha. Wiki iliyopita nimekwenda Gairo na kurudi. Geji ya joto haikupanda hata kidogo, lakini nilipoingia mjini pedali ya breki ilikuwa laini, inazama. Asubuhi yake ikarudi ngumu kama kawaida. Nilipofungua boneti nikakuta nyaya za upande wa kulia zimeyeyuka ganda, na rangi ya boneti juu ya tabo imebabuka. Nimeshauriwa nizungushe bandeji ya eksozi kila mahali, nitoe thamostati, na ninyanyue boneti kwa nyuma kwa kuweka washa kwenye bawaba. Nianze na lipi?"

Marahaba, kijana wangu. Usianze na lolote kati ya hayo matatu. Anza kwa kuiegesha.

Breki umezitaja kwa kupitia tu, lakini mimi ndizo zilizonikalisha kitako. Pedali inayolainika gari likiwa la moto na kurudi ngumu likishapoa ni dalili ya mafuta ya breki kuchemka. Mafuta hayabonyei; ndiyo maana ukikanyaga, nguvu ya mguu inafika kwenye pedi. Yakichemka, ndani ya bomba vinatokea viputo vya mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo unakanyaga hewa. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu taratibu, na yakishalowa viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Gari lako ni la usukani wa kulia, kwa hiyo silinda kuu ya breki iko upande uleule ulikoyeyuka nyaya. Kule kurudi ngumu asubuhi kusikudanganye: mvuke ulipoa ukarudi kuwa mafuta, basi. Safari ijayo yatachemka tena, na huwezi kuchagua yatachemkia wapi. Fundi wa breki ayabadilishe mafuta yote, akague mpira wa silinda kuu (nao ukichoka hufanya pedali izame), kisha afuate mabomba kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo halirekebishwi kwa maandishi yangu.

Sasa tuje kwenye kinachokutatiza: inakuwaje geji itulie na vitu viyeyuke?

Geji ile inapima maji. Kwa makadirio ya kawaida, nishati ya petroli inayoungua injini ikifanya kazi hugawanyika karibu mafungu matatu: moja linakuwa nguvu ya kuzungusha matairi, moja linachukuliwa na maji ya rejeta, moja linatoka na moshi. Fungu hilo la tatu halionani na maji isipokuwa kidogo kwenye njia za kutokea ndani ya silinda hedi. Likishaingia kwenye menifoldi, rejeta haina habari nalo tena. Kwenye injini ya petroli yenye tabo, ukikanyaga mpaka chini, gesi zinazoingia upande wa moto wa tabo huwa kati ya nyuzi 850 na 950. Rejeta yako inaweza kuwa nzima kabisa na gari likaungua.

Shuleni tulifundishwa kuwa joto lina njia tatu za kusafiri: mpitisho (kupitia kitu kigumu), msafara (kubebwa na hewa au maji) na mnunurisho (kurushwa kama miale). Hiyo ya tatu ndiyo iliyokubabua rangi. Kaa jirani na jiko la mkaa lililokolea, muundi wako ukiwa hatua moja kutoka jikoni. Hewa iliyo kati yako na jiko haijawa moto sana, lakini muundi unaungua. Sasa simamisha kipande cha bati katikati: unapoa papo hapo. Liegemeze bati hilo kwenye jiko lenyewe, baada ya dakika chache bati limekuwa jiko la pili. Kinga ya joto kwenye gari haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Na mnunurisho hupanda kwa kasi kuliko watu wanavyodhani: chuma chenye nyuzi 900 hurusha joto zaidi ya mara tatu ya chuma chenye nyuzi 600. Kupunguza nyuzi 100 au 150 kwenye chanzo kunakupa nafuu ambayo bandeji za duka zima hazitakupa.

Ndiyo maana nauliza kwanza kuhusu chanzo. Joto lako, kwa maoni yangu, lilizidi siku ile taimingi iliporudishwa nyuma.

Plagi inatakiwa iwashe mchanganyiko wa hewa na petroli mapema kidogo, ili shinikizo la moto lifike kileleni pistoni ikiwa ndiyo kwanza inaanza kushuka. Nguvu inaingia kwenye pistoni, na gesi zinapoa kadiri zinavyoisukuma. Ukichelewesha cheche, moto unaikuta pistoni imeshashuka. Hauna cha kusukuma vizuri, na vali ya kutolea inafunguka moto ukiwa bado mkali. Nishati ambayo ingezungusha tairi unaipeleka kwenye menifoldi. Injini imeacha kugonga, ni kweli, na fundi wako hakukosea kuogopa kule kugonga, maana hutoboa pistoni. Ila alichofanya ni kuhamisha tatizo kutoka ndani ya silinda kwenda chini ya boneti.

Na kwa nini iligonga? Injini yako, VG30DE, ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani silinda inaubana mchanganyiko mara 10.5. Ile iliyotoka kiwandani na tabo mbili, VG30DETT, ina 8.5 kwa 1. Nissan hawakushusha namba hiyo kwa bahati mbaya. Hewa iliyokwisha kugandamizwa na tabo ukiigandamiza tena kwa 10.5, inapata joto la kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Halafu kompyuta ya gari lisilo na tabo haijui cha kufanya na hewa ya namna hiyo. Jedwali lake la petroli na cheche linaishia pale ambapo tabo ndiyo kwanza inaanza kazi. Kama nozeli za petroli ni zilezile za awali, huenda pia mchanganyiko wako ni mwembamba (petroli kidogo) ukikanyaga, nao ni njia nyingine ya kuchoma menifoldi.

Kuna jambo la hapa kwetu nalo. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko Dar es Salaam. Maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 96. Hewa nyepesi inabeba joto pungufu kila inapopita kwenye rejeta na chini ya boneti. Tabo yenyewe inapenda mwinuko. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliijaribu tabo yake ya injini ya ndege kwenye kilele cha Pikes Peak huko Marekani, kwenye mita 4,300, ili kuonyesha kwamba inarudisha nguvu iliyopotea kwa wembamba wa hewa. Lakini inairudisha kwa kuzunguka haraka zaidi, na hewa inayotoka inakuwa ya moto zaidi. Na angalia mtego huu: ukiseti tabo ikupe bar 0.4 kwenye geji hapa Dodoma, ukijumlisha na shinikizo la hewa ya nje silinda zinapata kama bar 1.29. Teremka nalo mpaka Dar bila kugusa kitu, bar 0.4 ileile inakuwa jumla ya 1.41, karibu asilimia 10 zaidi. Gari lililokuwa halijagonga hata siku moja Dodoma linaanza kugonga ukifika Chalinze. Nimeletewa malalamiko ya aina hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara petroli ya njiani ndiyo iliyolaumiwa.

Turudi kwenye ushauri uliopewa. Thamostati iache mahali pake. Kazi yake si kuzuia maji tu, bali kuiweka injini kwenye joto linalofaa. Ukiitoa, barabarani injini inabaki baridi, kompyuta inadhani bado inapasha moto na inamwaga petroli zaidi, ambayo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwenye injini nyingine kuitoa kunaacha njia ya mzunguko mfupi wazi, sehemu ya maji hairudi kwenye rejeta kabisa. Na kwako ni dawa ya ugonjwa ambao gari halina. Weka kulanti halali nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, kifuniko cha rejeta kiwe kizima, basi umemaliza upande huo.

Kunyanyua boneti kwa washa nako kunasikika vizuri kwa sababu ukisimama kwenye foleni unaona mvuke wa joto ukitoka. Lakini sehemu ile ya chini ya kioo cha mbele, gari likitembea, ina shinikizo kubwa la hewa. Badala ya joto kutoka, hewa inaingia, na inapunguza ile iliyotakiwa kupita kwenye rejeta. Matundu ya kutolea joto yanafaa mbele zaidi, nyuma kidogo ya rejeta, ambako juu ya boneti shinikizo ni dogo. Kabla ya kutoboa chochote, lala chini utazame: zile plastiki za chini ya bampa na chini ya injini zipo? Mafundi wengi huzitupa wakishusha injini kwa sababu klipu zimevunjika. Bila hizo, na bila lile koti la plastiki linalozunguka feni, hewa inaikwepa rejeta na joto la chini ya boneti linakosa pa kutokea. Kuzirudisha kutakusaidia kuliko boneti ya kaboni.

Bandeji sasa. Hapa nina kovu langu. Miaka ya nyuma niliizungushia menifoldi ya chuma cha kusubu kwenye gari langu mwenyewe, nikaifunga vizuri kama kidonda, nikajisifu. Miezi michache baadaye nilipoifungua nilikuta ufa unaopita kidole, kuanzia silinda ya pili hadi ya tatu. Bandeji haipotezi joto. Inalizuia lisitoke, kwa hiyo chuma chenyewe kinakuwa cha moto kuliko kilivyokuwa wazi. Menifoldi ambayo tayari iko karibu na kikomo chake unaisukuma uvuke. Tena bandeji hushika maji na vumbi ikaozesha chuma cha kawaida, na ikidondokewa na oili inakuwa utambi. Mahali inapofaa ni kwenye bomba la kushukia baada ya tabo, ambako gesi zimeshapoa kidogo, na liwe la stenlesi. Fundi akikutolea kamba au mkeka wa asbestosi wa zamani, mrudishie. Vumbi lake huua mapafu.

Kwa tabo zenyewe, nunua blanketi lake la upande wa moto, lile linalovaa konokono la eksozi. Lisifunike kitovu cha kati chenye oili na maji, wala upande wa hewa baridi.

Kisha ngao, ambazo ndizo ningezipa fedha yako kwanza. Bati la stenlesi la nusu milimita hadi milimita moja, likisimama sentimita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye tabo, na hewa iweze kupita pande zote mbili, hupunguza mnunurisho kwa nusu hata kama halina mng'ao. Mbili zenye nafasi kati yake ni bora zaidi. Lishikwe kwa boliti mbili tatu zenye washa tu, maana kila boliti ni njia ya mpitisho. Usikubali bati la paa wala bomba la galvanaizi: zinki yake inayeyuka kwenye nyuzi 420, na ikichomelewa inatoa moshi unaomlaza mtu na homa. Aluminiamu nayo inayeyuka kwenye 660, kwa hiyo ikae mbali, kwenye ukuta au chini ya boneti. Upande wa kulia weka ngao moja ya kukinga silinda ya breki na mabomba yake, nyingine ya kukinga shafti ya usukani. Nyaya zilizoyeyuka zisifungwe selotepu. Zikatwe, ziungwe upya kwa waya wa kuhimili joto, na zihamishwe. Mipira ya petroli kama ni ile iliyotoka Japani na gari, ina umri wa kukuzidi wewe labda. Badilisha yote.

Kabla ya ngao lakini, kagua kama kuna mahali menifoldi inavuja. Uharibifu ulioeleza uko upande mmoja tu, na hilo linanipa wasiwasi. Washa injini ikiwa baridi asubuhi, sikiliza kando ya kila gasketi: ukisikia tik-tik-tik inayofifia kadiri injini inavyopata moto, au ukiona masizi meusi yamechora mstari, moshi unatoka hapo, na ukikanyaga unakuwa kama gesi ya kuchomelea iliyoelekezwa kwenye nyaya zako. Stenlesi hutanuka kuliko chuma cha kusubu. Bomba la sentimita 40 likipanda nyuzi 700 linarefuka karibu milimita 5. Kama fundi wako alichomelea menifoldi ngumu isiyo na pa kunyumbulikia, na tabo inaning'inia juu yake bila kishikizo chake yenyewe, milimita hizo zitatafuta njia, na njia ni kupasua weldi au kupindisha flenji. Muulize ni stenlesi ya aina gani. Ya 304 inafanya kazi, ila 321, iliyotiwa titani, huvumilia zaidi kupashwa na kupozwa mara kwa mara.

Tabia zako nazo zina sehemu. Ukitoka Gairo kwa kasi ukazima injini mlangoni, oili iliyobaki kwenye tabo inaungua na kuwa mkaa, na feni na maji vimesimama wakati joto la chuma bado linatafuta pa kwenda. Kilomita mbili tatu za mwisho nenda polepole (matuta ya mjini yanakulazimisha hata hivyo), kisha iache injini ikizunguka bila kukanyaga (silensa) dakika moja au mbili. Usiruhusu waosha magari kupiga maji baridi kwenye tabo za moto. Na kuanzia Juni hadi Novemba usiegeshe juu ya nyasi kavu. Bomba la kushukia linaweza kuziwasha ukiwa ndani unakunywa chai. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mahali unapoufikia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Ukiniuliza ufanye nini na mradi wenyewe, una njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na injini hii, kwa bar 0.3 au 0.4 tu, na kompyuta inayoweza kusetiwa, nozeli kubwa, geji ya mchanganyiko na kipima joto cha gesi za eksozi kila upande, kikichomekwa kabla ya tabo. Ukikanyaga, mchanganyiko ukae karibu hewa 11.5 hadi 12 kwa petroli 1, na joto la gesi lisidumu juu ya 900. Inawezekana, lakini haitakupa gari la kutisha. Ya pili ni kuagiza injini kamili ya DETT iliyotumika, na menifoldi zake za kusubu, ngao zake za kiwandani, kompyuta yake na intakula zake mbili za pembeni (vipoza hewa itokayo kwenye tabo). Inaumiza mfuko kwa mkupuo mmoja, na namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye kadi TRA na bima waambiwe. Ya tatu ni kuzivua tabo ukafurahia V6 yako kama ilivyozaliwa.

Mimi ningechukua ya pili au ya tatu. Ya kwanza huwa inaanza kama nafuu, halafu kila mwezi inadai kifaa kingine, na ukijumlisha umeshanunua ile injini bila kuipata. Lakini gari ni lako, na kuna vijana waliotulia wakaifanya njia ya kwanza vizuri.

Ukishamaliza breki, lipeleke gari kwa mtu mwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au angalau mwenye kifaa cha kusoma mchanganyiko barabarani, na umwambie bila kuficha kuhusu ile taimingi. Lisipelekwe likiendeshwa, lipande kwenye lori la kubebea magari. Ukisikia harufu ya petroli, ukiona moshi mweupe au wa bluu, au oili ikitoka kwenye tabo, hata kuwasha tu gereji usiwashe mpaka limekaguliwa.

Rangi ya boneti iache kama ilivyo kwa sasa. Bandika pale palipobabuka vile vibandiko vinavyobadilika rangi kulingana na joto, ukafanye safari fupi baada ya ngao kufungwa, kwenda Kibaigwa na kurudi bila kukimbiza, usome namba. Zikipita nyuzi 120, fundi wa rangi asianze kazi bado.